Mgonjwa aliyeikimbia floraidi: uchambuzi wa kisa cha enameli iliyolika kwa tindikali

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja aliyehudumiwa katika kliniki ya kinywa na meno jijini Dar es Salaam. Ameridhia kiandikwe kwa ajili ya kufundishia. Jina lake, umri kamili, kijiji alikozaliwa na mahali anapofanyia kazi vimeondolewa.

Nimekichagua kwa sababu mgonjwa huyu hakuwa mzembe hata kidogo. Alipiga mswaki asubuhi na jioni, siku nyingine mara tatu, na alikuwa tayari kununua dawa ya meno ya bei ya juu. Kila alichokifanya kilikuwa na sababu, na ukiisikiliza sababu yenyewe unaona ina mantiki. Hata hivyo meno yake yalikuwa yanaisha. Wanafunzi wa tiba ya meno na wahudumu wa vituo vya afya watakutana na wagonjwa wa namna hii, na kumwambia mtu wa aina yake "piga mswaki vizuri" hakumsaidii kitu.

Alikotoka mgonjwa

Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, aliyehamia Dar es Salaam akiwa mtu mzima. Kazi yake ni ya zamu, na zamu nyingi ni za usiku.

Maji ya kwao yana historia. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima, kuanzia Arusha na Kilimanjaro hadi Manyara na Singida, na ng'ambo ya mpaka hadi Nakuru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, kwa kuwa kipimo kingekazwa, vijiji vingi visingebaki na chanzo cha maji. Ongeza hapo magadi ya kulainishia maharage na makande, ambayo nayo hubeba floraidi. Mtoto akikulia katika mazingira hayo, floraidi huyafikia meno wakati bado yanatengenezwa ndani ya taya. Yanapoota, tayari yana mistari myeupe au madoa ya kahawia. Kwa aliyezidiwa sana, enameli yenyewe, yaani tabaka gumu la nje la jino, huwa na vinyweleo na humeguka.

Mgonjwa wetu alikuwa na athari ya wastani: kahawia kwenye meno manne ya mbele ya juu, kidogo kwenye yale ya chini. Dar es Salaam watu humuuliza kama anavuta sigara. Havuti. Swali hilo, alituambia, ndilo lililomfanya aanze kutafuta kila kitu kinachosemekana hung'arisha meno.

Tulichokiona kinywani

Hakuja kwa ajili ya madoa. Alikuja kwa ganzi. "Dokta, hata maji ya kawaida yananishtua, siyo ya baridi tu." Tena ncha za meno ya mbele zilikuwa zimekonda kiasi cha kupitisha mwanga, na moja ilimeguka akila mahindi ya kuchoma.

Tuliyakausha meno kwa hewa na kuyamulika kutoka pembeni. Enameli yenye afya ya mtu wa umri wake, ukiiangalia hivyo, mara nyingi huonyesha vijistari vyembamba vya mlalo, alama za jino lilivyokuwa likijengeka. Kwake, upande wa midomo, hapakuwa na hata mstari mmoja. Uso ulikuwa mlaini na wa kung'aa, kiasi kwamba asiyejua angesema meno haya yametunzwa sana. Ukingoni mwa fizi tu ndiko kulikobaki utepe mwembamba wa enameli nzima.

Chini, kwenye magego, mambo yalikuwa wazi zaidi. Vilele vya magego ya kwanza vilikuwa na vishimo vya mviringo, na ndani ya vishimo hivyo dentini ya njano, tabaka lililo chini ya enameli, ilionekana. Gego moja lilikuwa na kijazio cha amalgamu cha miaka mingi, na kijazio hicho kilisimama juu kuliko jino lililokizunguka. Jino lilikuwa limeshuka, kijazio kimebaki pale pale. Ukiona hivyo huhitaji kipimo kingine kujua kwamba kinachokula jino ni kemikali na si msuguano peke yake, kwa kuwa msuguano ungekula vyote viwili.

Upande wa ndani wa meno ya juu ulikuwa mzima. Hilo lina uzito, kwani tindikali inayopanda kutoka tumboni, kwa kiungulia au kutapika mara kwa mara, hupiga kwanza upande ule. Tulimuuliza na hakuwa na historia hiyo. Meno yaliyooza hayakuwepo. Kwa kipimo cha BEWE cha kulika kwa meno, kinachotoa alama 0 hadi 3 kwa kila moja ya sehemu sita za kinywa, alipata 11 kati ya 18, yaani hatari ya kati.

Tindikali ilikotoka

Tulimpa karatasi aandike kila anachokula na kunywa kwa siku kadhaa, za zamu na za mapumziko. Mawili yalijitokeza.

La kwanza ni makopo ya enaji, vinywaji vya kuongeza nguvu. Alikunywa mawili kila usiku wa zamu, na hakuyanywa kwa mkupuo. Kopo moja lilikaa mezani saa mbili au tatu, funda moja kila baada ya muda. Akirudi nyumbani alfajiri, kopo la pili limeisha njiani, alipiga mswaki papo hapo na kulala.

La pili hakuliandika. Alilisema tulipomuuliza anafanya nini kuhusu madoa. Kila asubuhi ya mapumziko alikata ndimu, akainyunyizia chumvi na kusugua nayo meno ya mbele, kisha akafuatisha dawa ya mkaa kwa mswaki mgumu. Aliyaona maelekezo hayo kwenye simu.

Enameli ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake: kalsiamu na fosfeti katika umbo la haidroksiapataiti. Haina seli hai, kwa hiyo ikiondoka mwili haujengi nyingine. Madini hayo huanza kuyeyuka pH ya kinywa (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapozidi) inaposhuka chini ya takribani 5.5, na kila namba moja ya pH ni tofauti ya mara kumi. Juisi ya ndimu ina pH ya 2 na kitu. Vinywaji vingi vya kuongeza nguvu viko kwenye 3 na kitu, navyo, kama ndimu, vina tindikali ya sitriki ambayo ina madhara ya ziada: huikamata kalsiamu na kuivuta kutoka kwenye jino.

Meno yanayooza huhitaji bakteria na sukari. Huku bakteria hawahitajiki, ndiyo maana mtu mwenye kinywa kisafi kabisa anaweza kupoteza enameli. Tindikali ikigusa jino hulainisha tabaka jembamba mno la juu, maikromita chache. Tabaka hilo halijapotea bado. Mate yana kalsiamu, fosfeti na uwezo wa kupooza tindikali, na yakipewa nafasi hurudisha sehemu ya madini. Lakini likipitiwa na mswaki mgumu wenye dawa ya kukwaruza, linafagiliwa. Mgonjwa wetu alikuwa akilainisha na kufagia ndani ya dakika tano zilezile. Usiku wa zamu alilainisha kwa saa nyingi, mate yakiwa machache kama yalivyo usiku, na kufagia alfajiri.

Tyubu mbili na mswaki mmoja

Tunawaomba wagonjwa walete wanachotumia. Alikuja na bahasha ya kaki yenye tyubu mbili na mswaki ambao nywele zake zimelala pande zote.

Tyubu ya kwanza ilikuwa ya mkaa. Mbele iliahidi weupe wa haraka na kutangaza kwa herufi kubwa kwamba haina floraidi. Nyuma, kwa herufi ndogo, kulikuwa na unga wa mkaa, silika, kionjo cha mnanaa na kitoa povu. Hakuna kilichomo humo kinachoweza kuilinda enameli. Tyubu ya pili ilikuwa ya mitishamba, yenye kaboneti ya kalsiamu kama kisugulio, nayo bila floraidi.

Kila dawa ya meno ina kisugulio, na kinahitajika ili kuondoa utando na madoa. Tatizo ni ukali wake. Viwanda hupima ukali huo kwa kipimo cha RDA, na kiwango cha kimataifa cha ISO 11609 kimeweka kikomo cha 250. Kwa mtu mwenye meno mazima tofauti ya RDA si jambo kubwa, kwani visugulio vya kawaida ni laini kuliko enameli iliyo imara. Kwa mtu ambaye enameli yake inalainishwa kila siku na dentini iko wazi, tofauti hiyo ni kubwa sana. Dawa nyingi za kung'arisha zinategemea kusugua zaidi, na RDA haiandikwi kwenye kasha. Kwa hiyo neno "kung'arisha" lenyewe ndilo onyo pekee ambalo mnunuzi hupata.

Hoja ya mkaa

Tulipotaja floraidi, uso wake ulibadilika. "Dokta, floraidi ndiyo iliyoniharibia meno, na wewe unataka kuniongezea?"

Kisha alieleza kwa nini alichagua mkaa. Kwao, nyumba kadhaa zilipata vichujio vya maji vya mkaa wa mifupa, vile vilivyoendelezwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na ambavyo hata Nakuru vinatumika. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto lililodhibitiwa, husagwa na kujazwa kwenye ndoo. Maji yakipita humo floraidi hubaki. Hoja yake ilikuwa hii: kama mkaa unatoa floraidi kwenye maji, basi mkaa kwenye dawa ya meno utaitoa polepole kwenye meno yake, na kahawia itaondoka nayo.

Hoja hii inastahili kujibiwa kwa uzito ule ule aliouwekea yeye, na jibu lake liko ndani ya kichujio chenyewe. Mkaa wa mifupa hukamata floraidi kwa sababu mfupa una apataiti, madini ya ukoo mmoja na yaliyomo kwenye enameli. Floraidi na apataiti huvutana. Mkaa wa miti, unaotiwa kwenye dawa za meno, hauna apataiti, na hauwezi kuing'oa floraidi iliyokwisha kujengeka ndani ya jino miaka thelathini iliyopita.

Mvutano ule ule ndio unaoifanya floraidi ilinde meno. Ikiwepo kwenye mate wakati madini yanarudi kwenye enameli iliyolainika, hujipachika humo, na madini yanayoundwa, floroapataiti, hustahimili hadi pH ya takribani 4.5 badala ya 5.5. Kinachofanyika ndani ya ndoo ya kwao kinafanyika juu ya jino kila anapopiga mswaki kwa dawa yenye floraidi. Alinyamaza, kisha akauliza swali sahihi kabisa: kwa nini basi yake yaliharibika?

Jibu ni umri na njia. Madoa ya floraidi hutokea jino likiwa bado linatengenezwa, na taji za meno yote ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, huwa zimekamilika mtoto akifika takribani miaka minane. Baada ya hapo floraidi haiwezi kuleta madoa hayo tena, hata ukiishi Meru maisha yako yote. Na yeye aliipata kwa kumeza, lita kwa lita, miaka mingi mfululizo. Gramu moja ya dawa ya meno ya mtu mzima, yenye sehemu 1,450 kwa milioni, ina miligramu 1.45 za floraidi, na karibu yote inatemwa. Lita moja tu ya maji yenye miligramu 8 ilimwingizia zaidi ya mara tano ya kiasi hicho, yote tumboni.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Tulianza na tindikali kabla ya dawa. Hata floroapataiti huyeyuka kwenye pH ya 2. Hakuna dawa ya meno duniani inayoishinda ndimu inayosuguliwa juu ya jino, kwa hiyo ndimu iliachwa siku ile ile. Enaji alikubali kupunguza hadi kopo moja, linywewe pamoja na chakula cha usiku na limalizwe, kisha asuuze kinywa kwa maji. Nafasi ya kopo la pili ilichukuliwa na mtindi. Watu hushangaa, kwa kuwa mtindi nao ni mchachu na pH yake iko karibu na 4, lakini umejaa kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo madini ya jino hayana sababu ya kutoka. Mswaki mgumu ulibadilishwa na laini, na alfajiri akapiga mswaki kazini kabla ya kutoka, si mara tu baada ya kopo.

Dawa ya meno ilijadiliwa kwa kirefu. Zilizojaa madukani ni za kaboneti ya kalsiamu pamoja na sodiamu monofluorofosfeti. Muunganiko huo una maana: floraidi ya sodiamu ikichanganywa na kaboneti hiyo hukamatwa ndani ya tyubu kabla haijafika kinywani, ila monofluorofosfeti hustahimili. Kwa kuzuia meno kuoza zinafaa sana, na kwa mtu mwenye kipato kidogo singesita kuzishauri. Floraidi ya sodiamu yenyewe huja na silika kama kisugulio. Hizi zote huacha juu ya jino chembe za floraidi na kalsiamu zinazosaidia, lakini chembe hizo huyeyuka haraka tindikali kali ikipita.

Floraidi ya bati, ambayo kwenye kasha husomeka "stannous fluoride", hufanya zaidi. Bati huungana na uso wa enameli na kuacha tabaka ambalo tindikali hulitoa kwa shida. Katika majaribio ya meno yaliyomomonywa kwa tindikali imeshinda floraidi ya sodiamu mara nyingi, nayo pia huziba mirija ya dentini, kwa hiyo hupunguza ganzi. Tulifikiria pia dawa za chembe ndogo za haidroksiapataiti, ambazo Japani imezitumia tangu miaka ya 1980, lakini ushahidi wake kwa mmomonyoko wa tindikali si mzito kama wa bati. Nitrati ya potasiamu, iliyomo kwenye dawa nyingi za "meno nyeti", hutuliza mshipa wa fahamu tu. Mtu akiitegemea peke yake ganzi hupoa huku jino likiendelea kuisha, na nadhani hiyo ni hatari ambayo haisemwi vya kutosha.

Tulichagua floraidi ya bati, mara mbili kwa siku, ateme povu bila kusuuza.

Aliomba pia meno yang'arishwe kwa dawa ya kliniki, au madoa yakwanguliwe. Tulikataa vyote viwili kwa wakati ule. Kukwangua madoa ya floraidi hutumia tindikali kali pamoja na unga wa kusaga na huondoa enameli, na yeye hakuwa nayo ya kupoteza. Dawa ya kung'arisha ingemzidishia ganzi.

Mpango ulipoteleza

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri, na ganzi ilipungua. Alipokuja tena, fizi zake zilikuwa na vijidoti vyeusi ukingoni, chembe za mkaa zilizojibana kwenye mfereji kati ya fizi na jino. Hatukuhitaji kumuuliza kama amerudi kwenye tyubu ya zamani.

Floraidi ya bati ina sifa mbili zinazojulikana: ladha ya kukaza ulimi, na kwa baadhi ya watu, doa la kahawia juu ya jino. Doa hilo ni la nje na hutoka kwa kusafishwa kliniki. Lakini kwa mtu aliyekimbia kahawia maisha yake yote, maelezo hayo hayakusaidia kitu. Mkewe ndiye aliyeliona kwanza. Mgonjwa akaiona ahadi yetu yote imegeuka: floraidi imemletea kahawia kwa mara ya pili. Isitoshe dawa ile ilipatikana kwenye famasi kubwa tu, kwa bei ya mara kadhaa ya dawa ya duka la mtaani.

Mpango wa pili

Tulisafisha madoa kwa unga laini na kuachana na bati. Badala yake alipewa dawa ya floraidi ya sodiamu ya 1,450, yenye silika isiyo kali na nitrati ya potasiamu kwa ajili ya ganzi, ambayo angeipata jirani na nyumbani. Ili kufidia kinga iliyopungua tulimpaka vanishi ya floraidi kila baada ya miezi mitatu. Vanishi hiyo ina sehemu 22,600 kwa milioni, hupakwa kidogo sana kwa brashi na kung'ang'ania juu ya jino kwa saa kadhaa.

Na rangi tuliishughulikia waziwazi, badala ya kuiahirisha. Baada ya miezi kadhaa bila ndimu, meno manne ya mbele ya juu yalifunikwa kwa komposati nyembamba, kijazio cha rangi ya jino. Ncha zilirudi urefu wake na kahawia ikafichwa bila kusaga jino. Hilo lilibadilisha kila kitu kingine. Siku aliyojiona kwenye kioo alituuliza mwenyewe komposati isiguswe na nini, na orodha tuliyompa, bila mkaa, bila ndimu, bila mswaki mgumu, ndiyo ile ile tuliyokuwa tukimwomba tangu mwanzo.

Matokeo

Baada ya mwaka mmoja tulilinganisha picha na vielelezo vya plasta. Vishimo vya magego ya chini havikuwa vimepanuka kwa macho. Ganzi ilibaki kwenye gego moja tu, lile lenye amalgamu, ambalo nalo lilijazwa upya. Kopo la enaji bado lipo, moja kwa zamu. Hatukutegemea liishe kabisa na hatukulifanya sharti.

Uchambuzi

Haiwezekani kusema ni sehemu gani ya nafuu iliyotokana na dawa ya meno, kwa kuwa ndimu, enaji, mswaki na dawa vilibadilika karibu kwa wakati mmoja. Kama ningelazimika kuvipanga, ningeweka kuacha ndimu juu, kisha kuacha kunywa enaji funda kwa funda, kisha kisugulio, halafu aina ya floraidi. Wagonjwa, na matangazo, huvipanga kinyume kabisa. Wanatafuta tyubu itakayowaruhusu kuendelea kama walivyo.

Bahasha ya kaki ilitufaa kuliko maswali yote. Mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani hutaja jina la mbele ya kasha, na jina hilo halikuambii kama ina floraidi, ni floraidi gani, wala kisugulio chake ni nini. Mtu akifundishwa kugeuza kasha na kutafuta maneno mawili tu, aina ya floraidi na kiasi chake, anaweza kujichagulia dukani bila sisi.

Mpango wa kwanza ulikuwa sahihi kikemia na ulishindwa kwa sababu uliliweka lalamiko la rangi kando, kama jambo la urembo. Kwa mgonjwa huyu rangi ndiyo ilikuwa chanzo cha ugonjwa. Ndiyo iliyomtia ndimu mkononi. Dawa iliyo dhaifu kidogo anayoitumia kila siku ilimfaa kuliko dawa bora iliyokaa kabatini. Kwa mgonjwa mwingine, asiyejali doa na mwenye uwezo wa kuinunua, bado ningeanza na bati.

Kuna ushauri mmoja wa kawaida ambao hatukuutegemea: kusubiri nusu saa baada ya kitu kichachu ndipo upige mswaki. Hauna madhara, lakini mate hayarudishi ugumu wote wa enameli kwa nusu saa, na mtu aliyetoka zamu ya usiku hatasubiri, atalala bila kupiga mswaki kabisa. Kupiga mswaki mbali na saa za tindikali kulimfaa zaidi.

Lililobaki lilitoka kwa mgonjwa mwenyewe, mwishoni. Ana mtoto wa miaka minne, na kwa hofu ile ile mtoto alikuwa akitumia dawa isiyo na floraidi. Tulipomwangalia, magego mawili ya utotoni yalikuwa yameanza kuoza. Kwa umri huo hofu ya baba haikuwa ya bure, kwani meno ya kudumu ya mtoto bado yanatengenezwa, kwa hiyo tulimpigia hesabu mbele yake. Dawa ya sehemu 1,000 kwa milioni, kiasi cha punje ya njegere, robo gramu hivi, ina robo miligramu ya floraidi hata mtoto akiimeza yote. Lita moja ya maji ya miligramu 8 ina mara thelathini na mbili ya hiyo. Mtoto huenda kwa bibi yake Meru kila likizo. Tulikubaliana atumie dawa yenye floraidi, mzazi akiipima mwenyewe na kumsimamia ateme, na kwamba huko kwa bibi maji yake ya kunywa na ya kupikia yawe ya mvua au yaliyopita kwenye kichujio cha mifupa chenye mkaa ambao haujachoka, na chakula chake kipikwe bila magadi.